Siku tano kwenye milima ya chai ya Nilgiri: mwongozo kwa aliyeko Chennai na ana muda

Wengi wetu tunaofika kusini mwa India hatuendi kutalii. Tunampeleka mgonjwa Chennai au Vellore, au tumekwenda kusoma Bangalore na Coimbatore. Kisha daktari anasema mrudi baada ya siku kumi kuchukua majibu, na msindikizaji anajikuta amelala chali chumbani akilitazama pangaboi linavyozunguka.

Mimi nilimsindikiza shangazi. Binamu yangu alipofika kunipokea zamu, shangazi mwenyewe ndiye aliyenifukuza. "Nenda kaione hiyo chai yao, uje unisimulie." Sisi ni watu wa Tukuyu, chai tumeikuta uani. Basi nikapanda Nilgiri, na nimerudi huko mara ya pili kwa hiari yangu. Hapa ninaeleza njia hiyo hiyo niliyopita: upande kwa treni, ulale mji wa Coonoor, mji jirani wa Ooty uuendee siku moja tu, kisha ushuke kwa basi. Kama mgonjwa anataka kuja naye, daktari wake aruhusu kwanza. Kule juu ni zaidi ya mita 1,800 na kuna baridi.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Nilgiri iko pale Tamil Nadu inapokutana na Kerala na Karnataka, na mvua huipiga kutoka pande mbili. Ni zile zile pepo za kusi na kaskazi zilizokuwa zikisukuma majahazi kati ya pwani yetu na pwani ya Malabar. Kusi huleta mvua Juni hadi Septemba, kaskazi huzileta Oktoba hadi Desemba, hasa upande wa mashariki ambako reli inapanda.

Usizidharau. Tarehe 30 Julai 2024 mlima uliporomoka Wayanad, wilaya ya Kerala iliyo jirani na Nilgiri, ukafukia makazi ya Mundakkai na Chooralmala na kuua watu zaidi ya 200. Agosti 2020 maporomoko ya Pettimudi, karibu na Munnar, mji wa chai wa Kerala, yaliua watu wapatao 70 usiku, wafanyakazi wa chai pamoja na familia zao. Hata pasipo na maafa, udongo huangukia reli na treni husimamishwa, wakati mwingine kwa siku nyingi.

Nenda kati ya mwisho wa Januari na Machi. Katikati ya Januari kuna Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamili, na treni hujaa pomoni. Aprili na Mei shule zimefungwa, tambarare zinawaka moto, na kila mwenye gari Tamil Nadu anakimbilia Ooty. Nilikwenda mara moja mwezi Mei. Foleni ya magari ilikuwa ndefu hata tukashuka kwenye basi na kutembea.

Kuhusu baridi: usiku wa Januari Ooty hushuka hadi karibu na sifuri, na asubuhi nyasi ni nyeupe kwa umande ulioganda. Mtu wa Njombe au Limuru haambiwi. Mtu wa Dar au Mombasa abebe sweta zito, soksi na kofia. Ukisahau, kuna soko la Watibeti karibu na Bustani ya Mimea ya Ooty, na biashara yao ni masweta.

Hatua ya pili: karatasi

Viza ya India siku hizi huombwa mtandaoni. Tumia tovuti ya serikali yenyewe. Ziko nyingi za mawakala zinazofanana nayo kama pacha, na zinatoza mara mbili. Cheti cha homa ya manjano kipate siku 10 kabla ya safari au zaidi, kwa sababu chanjo haihesabiki kabla ya hapo. Anayetoka nchi yenye ugonjwa huo akitua bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Likizo itakuwa imeishia hapo.

Ukiwa India tembea na pasipoti yako halisi. Kila nyumba ya wageni inayompokea mgeni wa nje inatakiwa kumwandikisha kwa mamlaka kwa kile wanachokiita Fomu C, na nyumba ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo. Hili nilijifunza kwa taabu. Nilikuwa nimeshaweka chumba kwa simu, nikafika saa mbili usiku na begi langu, mtu wa mapokezi akaitazama pasipoti, akatikisa kichwa, akanirudishia. Hela ilirudi wiki mbili baadaye. Usiku ule nilizunguka na bajaji mpaka nikapata mahali. Kwa hiyo kabla hujalipa, andika ujumbe uulize: mnapokea wageni wa nje, na mnajaza Fomu C? Jibu likichelewa, tafuta pengine.

Hatua ya tatu: tiketi mbili za treni

Hapa ndipo penye kazi. Unahitaji treni ya usiku kutoka Chennai hadi Mettupalayam chini ya mlima, na treni ndogo ya kupanda kutoka Mettupalayam.

Ya usiku inaitwa Nilgiri Express. Huondoka Chennai Central kama saa tatu usiku na kufika Mettupalayam saa kumi na mbili na kitu asubuhi. Tiketi itaandikwa 21 na dakika zake, usije ukahesabu Kiswahili na Kihindi kwa pamoja ukaikosa. Saa ya India iko mbele ya yetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowachanganya watu. Chukua daraja la AC lenye vitanda vitatu vitatu. Utapewa shuka na blanketi, na bei haiumi.

Treni ndogo huondoka Mettupalayam kama saa moja na dakika kumi asubuhi, na kwa kawaida huisubiri ile ya usiku hata ikichelewa kidogo. Tatizo ni viti. Nafasi za treni za India hufunguliwa siku 60 kabla, na za treni hii huisha mapema mno. Mfumo wa kukata tiketi mtandaoni unaweza kuikataa kadi ya benki ya kwetu, kwa hiyo nenda mwenyewe kwenye dirisha la watalii wa kigeni pale Chennai Central, na pasipoti mkononi. Ukikosa kabisa, usikate tamaa ya treni. Panda mlima kwa basi, kisha uchukue treni kipande cha Coonoor hadi Ooty, ambacho kina safari kadhaa kwa siku na huchukua zaidi kidogo ya saa moja. Hutaona meno ya reli nitakayoyaeleza hapa chini, ila mashamba ya chai utayaona.

Hatua ya nne: kupanda

Reli hii ina kilomita 46 na inatambuliwa na UNESCO kama urithi wa dunia tangu 2005. Waingereza waliifikisha Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908. Kipande cha Kallar hadi Coonoor ni mwinuko ambao magurudumu ya kawaida yangeteleza, kwa hiyo katikati ya njia pamelazwa reli ya tatu yenye meno, na chini ya kichwa cha treni kuna gurudumu la meno linaloyang'ata moja moja. Pahali pakali zaidi, kila hatua 12 za kwenda mbele unapanda hatua 1. Kichwa chenyewe ni cha mvuke na kinakaa nyuma, kinasukuma. Ukikaa behewa la mbele, mbele yako kuna reli tupu na msitu, pamoja na mtu mwenye bendera.

Mwendo ni wa mtu anayekimbia taratibu. Viti vina namba, kwa hiyo hakuna haja ya kugombania dirisha. Kila mtu atasimama mwishowe. Kuna mahandaki 16, na kila likianza giza watoto wote wa behewa hupiga yowe, na watu wazima wanajifanya ni watoto. Treni husimama njiani kunywa maji, abiria wanashuka kunywa chai, na nyani wadogo wanashuka kutoka mitini kunywa chochote watakachonyang'anya. Funga begi. Mwanamke mmoja aliporwa mfuko mzima wa vitumbua vya dengu mbele yangu, na mporaji akakaa juu ya paa akila huku anamtazama.

Chini ni minazi na mipopoo. Ukipanda unaingia msituni, halafu hewa inapoa ghafla, na kwenye kona moja mlima wote unakuwa wa kijani kilichokatwa kwa mkasi. Hapo ndipo chai inapoanzia.

Hatua ya tano: shuka Coonoor, si Ooty

Wengi hubaki kwenye treni hadi Ooty kwa sababu ndilo jina wanalolijua. Wewe shuka Coonoor. Iko mita 1,850 hivi, baridi yake inavumilika, mashamba ya chai yanaanza pale nyumba zinapoishia, na foleni ya Ooty iko umbali wa kilomita kama 19. Tafuta chumba upande wa juu wa mji, karibu na Sim's Park, bustani iliyoanzishwa mwaka 1874. Stesheni na stendi ya mabasi viko upande wa chini, wenye soko na kelele. Kati ya juu na chini panda bajaji, kwani ziko nyumbani kwao, jina lenyewe ni la kampuni ya India. Elewana bei kabla hujakaa. Dereva wa bajaji ni dereva wa bajaji popote duniani.

Mambo matatu ya kujua mapema. Chupa za maji za plastiki zimepigwa marufuku wilaya yote ya Nilgiri, kwa hiyo beba chupa yako ya kujazia. Ukija kwa gari la kukodi, tangu Mei 2024 gari linahitaji kibali cha mtandaoni kuingia mlimani. Mwenye treni au basi haimhusu. Na mashamba ya huku yana gaur, nyati wa Kihindi, mkubwa kuliko mbogo wetu, mweusi, miguu yake kama amevaa soksi nyeupe. Jioni hutoka msituni na kupita katikati ya michai kama ng'ombe wa jirani. Usimsogelee ili upige picha. Giza likianza kuingia, uwe barabarani au nyumbani.

Ukipita karibu na Sim's Park utaona majengo ya zamani ya Taasisi ya Pasteur, iliyoanza mwaka 1907 kutengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ukiumwa na mbwa au nyani, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: kiwanda kwanza, shamba baadaye

Watu huanza na picha za shambani. Mimi nashauri uanze kiwandani, ili ukirudi shambani ujue unachotazama. Kiwanda cha Highfield, si mbali na Sim's Park, huonyesha wageni kazi yake. Nenda asubuhi.

Kitu cha kwanza ni vihori virefu vyenye wavu chini, na feni inayopuliza hewa kupita kwenye majani. Hapa jani linanyaushwa kwa saa nyingi, usiku kucha pengine. Mwombe anayekuongoza akupe majani mawili, moja lililoingia sasa hivi na moja lililokaa. Likunje lile bichi: linakatika, unasikia kabisa "tak". Likunje lililonyauka: linajikunja kama kitambaa na kubaki na alama ya mkunjo. Jani likifika hapo ndipo linaweza kuviringishwa.

Baada ya hapo njia ni mbili. Ya kwanza jani linapita kati ya vinu vya chuma vyenye meno, linapasuliwa na kukunjwa kuwa punje ndogo. Hiyo wanaiita CTC, na ndiyo karibu chai yote ya kwetu, kuanzia Kericho hadi Rungwe na Mufindi: inakoza haraka na inastahimili maziwa. Ya pili ni ya kizamani, jani linaviringishwa polepole bila kusagwa na hubaki refu, limejisokota. Kisha linaachwa livute hewa, na hapa tumia pua. Kijani kinageuka rangi ya shaba, na harufu ya majani inageuka kuwa kama ya tunda lililoiva. Mwisho ni tanuri na machekecheo.

Jamaa aliyenitembeza aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akacheka: ya kwenu ina nguvu, hiyo ni chai ya kuamshia watu. Ya kwao, akasema, ni ya kumkalisha mtu. Coonoor wana mnada wao wa chai kama sisi tulivyo na ule wa Mombasa, na jamaa alikuwa anazijua bei za Mombasa za wiki iliyopita kuliko mimi.

Mchana chukua basi la njia ya Dolphin's Nose. Shuka Lamb's Rock, tembea kilomita chache zilizobaki kwa miguu, barabara inakata mashamba. Miti mirefu inayotia kivuli itakushtua kwa kuwa unaifahamu: ni migrevilea, ile ile ya mipakani mwa mashamba ya Kilimanjaro na Kenya ya kati. Kule na kwetu ni mgeni, kwao ni Australia. Dolphin's Nose kwenyewe ni jabali lililochomoza juu ya bonde, na ng'ambo unaliona poromoko la maji la Catherine. Ukungu ukiingia hutaona kitu, kwa hiyo wahi.

Wachumaji utawakuta. Wengi ni wanawake wa Kitamili, magunia yamefungwa kiunoni kukinga umande. Sehemu nyingi hawachumi tena kwa vidole bali kwa mkasi mkubwa wenye kisanduku cha kudakia majani. Kuna familia zilizoletwa huku kutoka Sri Lanka baada ya mapatano ya 1964 kati ya serikali mbili, watu ambao babu zao walikuwa wamevushwa bahari kwenda kuchuma chai ileile kwa Mwingereza. Usiinue simu kabla hujasalimia. "Vanakkam" inatosha, na ukikataliwa picha, kubali. Mshahara wao ni mdogo na hawasahau. Septemba 2015 wanawake wa mashamba ya Munnar waliufunga mji kwa mgomo, na vyama vya wafanyakazi vya wanaume waliviweka kando.

Hatua ya saba: Ooty, siku moja

Panda treni ya asubuhi kutoka Coonoor. Bustani ya Mimea, iliyoanza mwaka 1848, ni nzuri kweli. Juu yake kuna makazi madogo ya Watoda, wafugaji wa nyati-maji waliokuwa milimani hapa kabla ya jani la kwanza la chai kupandwa, na nyumba zao za asili zina umbo la pipa lililokatwa katikati. Shali zao nyeupe zilizotariziwa nyekundu na nyeusi ni ghali, na zinastahili. Kilele cha Doddabetta, mita 2,637, kinapendeza siku ya wazi. Siku ya ukungu utaona migongo ya wenzako. Boti za ziwani nilizipita.

Hatua ya nane: kula

Mchana tafuta mgahawa unaotandika jani la mgomba. Utamwagiwa wali, sambar ya dengu na ukwaju, rasam nyepesi yenye pilipili manga, mboga mbili tatu, na mtu anapita na ndoo akiongeza mpaka umkatalie. Mkono wa kulia tu. Ukishiba, likunje jani kuelekea kwako. Asubuhi ni dosa, chapati nyembamba ya mchele na dengu, na idli, vitumbua vya mvuke, na mtu wa vitumbua hatapata shida. Chai ya kibandani huja kwenye glasi ndogo, tamu, yenye maziwa, imemwagwa kutoka juu kwenda chini mpaka ikatoa povu. Itafutie varkey, mkate mdogo mkavu wa tabaka tabaka wa huku huku Ooty. Uwe na noti ndogo. Kila kibanda kina karatasi ya kuskani kwa simu, lakini malipo yale kwa kawaida yanataka akaunti ya India.

Hatua ya tisa: kushuka na kununua

Basi la Coonoor hadi Mettupalayam hupita kona 14 za kujipinda kabisa. Kaa mbele, usile sana, tafuna tangawizi. Treni ya kurudi Chennai huondoka usiku.

Chai inunue kiwandani au kwenye duka la shamba, si kwenye vibanda vya stesheni vinavyouza "chai ya chokoleti". Omba ya jani refu. Ya Desemba na Januari, wakati wa umande wa barafu, ndiyo wanayojivunia, ina harufu nzuri zaidi. Chukua robo kilo, uonje kabla hujaongeza. Usiichemshe na maziwa. Maji ya moto, dakika tatu, basi.

Kama uko Kochi badala ya Chennai

Nenda Munnar, basi la saa nne au tano kutoka Ernakulam au Aluva. Mashamba ya huko ni makubwa na mazuri kupita ya Coonoor. Hifadhi ya Eravikulam ina mbuzi-mwitu wa Nilgiri na mlima Anamudi, mita 2,695, mrefu kuliko wote kusini mwa India. Ila hufungwa kama Februari na Machi mbuzi wanapozaa, uliza kabla. Maua ya kurinji, yanayopaka milima rangi ya buluu mara moja kila miaka 12, yalichanua 2018 na yanangojewa 2030. Treni hakuna: walikuwa nayo, mafuriko ya 1924 yakaizoa.

Nilirudi Chennai na ile robo kilo. Nikampikia shangazi kama nilivyoelekezwa, dakika tatu kwa saa, bila maziwa. Akainusa, akanywa fundo moja, akaitazama rangi kwenye dirisha. "Inanukia," akasema. "Sasa irudishe jikoni, utie na majani."